Baa kama Jukwaa: Wimbo, Chakula na Hadhira katika Mtaa wa Woodley, Nairobi

Utangulizi

Kiswahili kina maneno mawili yanayotamkwa na kuandikwa sawasawa. Baa la kwanza ni neno la kale lenye maana ya janga au balaa. Baa ya pili ni neno la kukopa, na maana yake ni nyumba inayouza vileo, chakula na, aghalabu, muziki. Wanaisimu watatukumbusha kwamba ulinganifu huo ni wa sauti tu, na kwamba ngeli zenyewe huyatenganisha maneno hayo. Hata hivyo, mtu akizisoma baadhi ya riwaya za Kiswahili zinazofundishwa sana, pamoja na uhakiki uliozizunguka, anaweza kudhani kwamba neno la pili ni kisawe cha la kwanza. Mhusika akikaribia pombe, msomaji huanza kungoja maangamizi yake.

Makala haya yanadhamiria kuyatenganisha maneno hayo mawili katika uhakiki, kama yalivyotengana katika sarufi. Hoja yetu kuu ni kwamba wimbo unaoimbwa katika baa ya mtaani ni kazi ya fasihi simulizi inayokamilikia mezani pa wasikilizaji wala si kinywani mwa mwimbaji peke yake. Mhakiki anayeunukuu wimbo huo karatasini, kisha akauhukumu kwa karatasi hiyo, anakihukumu kitu ambacho hakijapata kuimbwa. Mfano wetu ni mtaa wa Woodley, magharibi mwa katikati ya jiji la Nairobi, ambako mwandishi wa makala haya amekuwa msikilizaji wa muda mrefu. Baa zenyewe hatutazitaja kwa majina, kwa kuwa lengo letu si kupendekeza mahali pa kwenda bali kueleza namna ya kusikiliza.

Baa katika Macho ya Riwaya

Tuanze na yale yanayofahamika na kila mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili. Katika Rosa Mistika (1971) ya Euphrase Kezilahabi, ulevi wa Zakaria ni mojawapo ya nguvu zinazoibomoa nyumba yake hata kabla Rosa hajaondoka kwenda shuleni. Pombe hapo ni dalili ya baba aliyeshindwa kuwa baba, ambaye ukali wake kwa mabinti unazidi kadiri heshima yake inavyopungua. Katika Utengano (1980) ya Said Ahmed Mohamed, Maimuna aliyelelewa utawani anatoroka, na mjini anapokewa na ulimwengu wa pombe na ukahaba. Riwaya zote mbili zina hoja nzito ya kijamii, nayo ni kwamba malezi ya kufungiwa hayamwandai mtu kuishi na uhuru. Hatukusudii kuipinga hoja hiyo. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba katika mpango wa hoja hiyo mahali pa ulevi pamepewa kazi moja tu, yaani kazi ya shimo ambamo mhusika hutumbukia.

Riwaya za Kenya zilizoandikwa kwa Kiingereza katika muongo huo wa 1970 zina mtazamo mpana zaidi kidogo. Katika Going Down River Road (1976) ya Meja Mwangi, Ben na Ocholla, vibarua wanaolijenga jumba la Development House, huzitapanya jioni zao na mishahara yao Karara Centre. Hapo pombe haiwi kosa la kimaadili tu, bali ni sehemu ya mzunguko wa ujira, maana fedha za mjenzi hurudi mjini kabla mjenzi hajafika kwake. Katika Petals of Blood (1977) ya Ngũgĩ wa Thiong'o, kinywaji cha Theng'eta kinaanza kikiwa sehemu ya mila, kisha kinageuzwa kuwa bidhaa inayowatajirisha wengine. Hivyo baa imekuwa kielelezo cha uchumi.

Kati ya shimo na kielelezo, ni kitu kimoja kisichokaa vizuri masikioni, nacho ni wimbo wenyewe. Msomaji wa riwaya hizi huondoka akiukumbuka ulevi, umaskini, wasichana wa kaunta na mapigano. Ni nadra aondoke akiukumbuka mshororo ulioimbwa au mwanamuziki aliyeuimba. Muziki huwa kama moshi wa sigara, ishara ya kwamba tumefika mahali fulani, nao hauna la kusema.

Katika fasihi ya Afrika Mashariki, mtu aliyeutazama ukumbi wa mjini kama jukwaa la kweli ni mhusika ambaye hakuupenda hata kidogo. Huyo ni Lawino, katika utenzi mashuhuri wa Okot p'Bitek uliotolewa kwa Kiingereza mwaka 1966. Lawino anailinganisha ngoma ya Kiacholi ya uwanjani na dansi ya Kizungu ya ndani ya nyumba. Anazungumzia miili, hewa, nguo, harufu, na nani anamshika nani mbele ya nani. Hukumu yake ni kali, lakini mbinu yake ni ya mhakiki wa utendaji. Hakuridhika na kusikia kwamba kuna dansi mahali fulani. Aliuliza inachezwaje. Wahakiki wengi wamemnukuu Lawino kwa hukumu yake, na ni wachache walioichukua mbinu yake.

Msikitini, Sokoni, Baani

Huenda mtu akasema kwamba kuna sababu ya heshima inayotufanya tusiuhesabu wimbo wa baa kuwa fasihi. Historia ya ushairi wa Kiswahili haiungi mkono dai hilo. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi mwishoni mwa karne ya 18 na katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19, anasifiwa na wanazuoni kwa sababu aliutoa ushairi katika mambo ya dini peke yake na kuufikisha sokoni. Kitabu cha Mohamed H. Abdulaziz kuhusu Muyaka, kilichotoka mwaka 1979, kinamwonyesha mshairi aliyetunga kuhusu siasa, mapenzi, uhasama na maisha ya kila siku. Leo hakuna idara ya Kiswahili inayomfundisha Muyaka kwa kuona haya, ingawa mengi ya mashairi yake yalizaliwa katika majibizano ya mji na si katika utulivu wa maktaba.

Mfano wa pili ni Siti binti Saad. Aliimba kwa Kiswahili katika taarabu ya Unguja, na sauti yake ilirekodiwa Bombay mwaka 1928. Yeye alikuwa mwanamke wa asili ya kimaskini aliyeanza kwa kutembeza vyungu. Kilichomwingiza katika mtalaa wa fasihi ni wasifu ulioandikwa na Shaaban Robert. Kwa maneno mengine, mwandishi mwenye hadhi alisikiliza, akaandika, na wimbo uliokuwa wa baraza ukawa urithi wa taifa. Tunajifunza hapa kwamba utanzu hauheshimiwi kwa sababu ya mahali ulikozaliwa pekee. Huheshimiwa pale anapotokea mtu wa kuusikiliza kwa makini.

Hatua ya tatu ya safari hii, yaani kutoka sokoni hadi baani, ilitokea kwa kiasi kikubwa Nairobi, na haijapata Shaaban Robert wake. Katika muongo wa 1970 jiji hili lilivuta wanamuziki kutoka kusini na magharibi. Ndugu wawili wa Tanga, Wilson Peter Kinyonga na George Peter Kinyonga, walikuwa nguzo za Simba Wanyika. Kutokana na mgawanyiko wa bendi hiyo mwaka 1978 ilizaliwa Les Wanyika, ambayo wimbo wake "Sina Makosa" ungali unapigwa. Kutoka Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, walikuja wanamuziki wa Orchestra Super Mazembe, Les Mangelepa waliojitenga na Baba Gaston mwaka 1976, na Samba Mapangala wa Orchestra Virunga. Bendi hizi hazikuishi kwa santuri peke yake. Zililala na kuamka katika kumbi na baa, na humo ndimo Kiswahili chao kilipokutana na Kiswahili cha Nairobi.

Hapa kuna kinaya ambacho idara zetu hazina budi kukikabili. Mwaka 1968, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipendekeza kuvunjwa kwa Idara ya Kiingereza ili fasihi ya Kiafrika, hususan fasihi simulizi, iwekwe katikati ya masomo. Vizazi vya wanafunzi vikapelekwa vijijini na vinasa sauti kukusanya ngano, methali na nyimbo za jando. Kazi hiyo ilikuwa ya lazima. Lakini mwanafunzi yule yule, akirudi mjini Jumamosi, alizisikia nyimbo za Kiswahili kwa saa nyingi mfululizo, wala hakuwasha kinasa sauti chake. Tulifundishwa kwamba fanani ni mzee aliye mbali. Fanani aliye karibu, mwenye gitaa na deni la nyumba, tulimwita mburudishaji.

Mtaa wenyewe

Woodley ni mahali panapofaa kwa uchunguzi huu kwa sababu jiografia yake yenyewe ni hoja. Mtaa uko kusini mwa barabara ya Ngong, karibu na maduka ya Adams Arcade. Ulijengwa wakati wa ukoloni, katika jiji ambalo makazi yake yaligawanywa kwa rangi za watu, na upande huu ulikuwa wa Wazungu. Ukiiacha barabara ya Ngong na kuufuata mteremko, unafika soko la Toi, halafu Kibera, ambako Wanubi waliwekwa na serikali ya kikoloni baada ya kuitumikia katika jeshi. Mwendo wa miguu wa dakika chache hukutoa kwenye bustani za mawe na michongoma hadi kwenye vichochoro vya mabati.

Mgawanyo huo ulikuwa pia mgawanyo wa vinywaji. Wazungu walikuwa na vilabu vyao. Kwa Waafrika, manispaa ya Nairobi ilihodhi biashara ya pombe ya kienyeji tangu mwanzo wa miaka ya 1920 kupitia kilabu chake cha Pumwani, upande wa pili wa mji. Kibera nayo ilijulikana kwa pombe kali iliyotengenezwa na wanawake wa Kinubi, ambayo ilivutia wanunuzi pamoja na polisi. Baada ya uhuru chang'aa iliharamishwa kwa sheria ya mwaka 1980, na marufuku hayo yakaondolewa na Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010. Sheria hii ya pili iliziwekea baa saa zake, kwamba zifunguliwe saa kumi na moja jioni katika siku za kazi na saa nane mchana mwishoni mwa juma, na zifungwe saa tano usiku.

Baa ya Woodley, basi, imesimama mpakani. Katika meza moja utamkuta mwalimu mstaafu anayeishi katika nyumba ya mawe, fundi seremala kutoka barabara ya Ngong, mwuzaji wa mitumba wa Toi na karani wa serikali. Hawana lugha moja ya mama. Lugha inayoiruhusu meza hiyo kuwa meza moja ni Kiswahili, na wimbo wa Kiswahili ndio unaowapa jambo moja la kusikiliza kwa wakati mmoja.

Nyama, Subira na Wimbo

Uhakiki wa utendaji hufundisha kwamba hadhira ni sehemu ya kazi. Ruth Finnegan alilisisitiza jambo hili katika Oral Literature in Africa (1970). Katika baa ya mtaani tunaweza kuongeza kwamba chakula nacho ni sehemu ya kazi, kwa maana mahususi kwamba chakula ndicho kinachoupimia wimbo muda wake.

Tueleze utaratibu ulivyo. Mteja anayetaka nyama choma haagizi kwa kutazama orodha tu. Huenda buchani, mara nyingi palepale mlangoni, akachagua kipande cha mbuzi au ng'ombe, mbavu au mguu, kikapimwa mbele yake na kupelekwa motoni. Kuanzia hapo hana la kufanya ila kungoja, na kungoja huko kwaweza kuchukua saa nzima. Mhudumu huja na swali ambalo kila mnywaji wa Kenya analijua: baridi ama moto? Ndiyo kusema, bia ya jokofuni au ya rafuni. Wasiokunywa huletewa soda au supu ya mifupa. Kisha hukaliwa.

Saa hiyo ya kungoja ndiyo saa ya mashairi. Wapigaji, ambao mara nyingi ni watatu au wanne, huanza na nyimbo za mwendo wa pole zinazoitwa zilipendwa. Maneno husikika yote. Watu huzungumza kwa sauti ya chini, na hunyamaza pale mshororo wanaoupenda unapokaribia. Halafu nyama huletwa juu ya ubao. Mchomaji huikata mbele ya walaji, chumvi humwagwa pembeni, kachumbari na ugali hufuata, na mikono hunawishwa kwa birika na beseni. Wote hula kutoka ubao mmoja. Ni katika hatua hii, mikono ikiwa na mafuta na mazungumzo yamekatika, ndipo bendi huvuka kutoka sehemu ya mashairi hadi ile ambayo wanadansi wa Tanzania huiita chemko na Wakongo sebene. Gitaa huchukua usukani, maneno hupungua na kuwa miito mifupi, na watu huinuka.

Muundo huu wa sehemu mbili haukuzuliwa Woodley. Ni muundo wa dansi la Afrika Mashariki na Kati kwa jumla, na santuri za muziki huu ziliuhifadhi kwa namna yake kwa kuugawa wimbo mrefu katika sehemu ya kwanza upande mmoja na sehemu ya pili upande wa pili. Lakini santuri humwachia msikilizaji aamue wakati wa kugeuza upande. Katika baa, kinachogeuza upande ni moto wa mchomaji. Bendi yenye uzoefu hulitazama jiko jinsi mwimbaji wa ngano anavyoitazama nyuso za watoto ili ajue kama wamesinzia. Nyama ikichelewa, ubeti hurudiwa. Anayeisoma takriri hiyo karatasini atasema mtunzi ameishiwa. Aliyekuwapo anajua kwamba mbuzi alikuwa hajaiva.

Hali kadhalika, wimbo wa zilipendwa hauwi nakala ya santuri. Mwimbaji hupachika majina, kama vile la mteja aliyetoka kupata mjukuu, la mtaa, au la timu iliyofungwa mchana huo. Anayetajwa huinuka kumtunza, na noti huwekwa mkononi au kubandikwa kwenye paji la uso. Mtu asiyeijua mila hii huiona kama kuomba. Kwa hakika ni desturi ile ile ya taarabu, ambamo anayetunza hutangaza kwamba ubeti huo amejitwalia, kwamba unamsema yeye au adui yake. Kutunza ni tendo la kufasiri. Kila noti ni uhakiki mdogo unaotolewa hadharani.

Ni Nani Anayesema "Sina"?

Tufike sasa kwenye hoja iliyo ngumu zaidi. Nyimbo nyingi za dansi la Nairobi zimetungwa na wanaume na huzungumza kwa nafsi ya mwanamume, anayelalamika, anayebembeleza au anayejitetea. "Sina Makosa" ya Les Wanyika ni mfano bora. Msemaji wake yumo katika mapenzi yenye lawama, naye anadai kwamba hana hatia kwa kuwa kila upande una wake nyumbani. Mhakiki wa kifeministi akiusoma wimbo huu kama matini ana haki ya kusema kwamba tunamsikia mshtakiwa tu, na kwamba mwanamke hana sauti.

Lakini tuusikilize unavyoimbwa Woodley siku ya Jumamosi. Mwandishi wa makala haya ameshuhudia zaidi ya mara moja meza ya wanawake, ambao ni wauzaji wa sokoni na watumishi wa ofisi waliokuja kwa chakula na muziki, ikikitwaa kiitikio cha wimbo huo na kukiimba kwa nguvu kuliko bendi, wakielekeza vidole kwenye meza za wanaume. Wanaume walicheka, na kicheko cha baadhi yao hakikuwa cha raha. Hakuna silabi iliyobadilishwa, lakini wimbo ulikuwa umegeuka. Mtetezi sasa alikuwa mwanamke, na mlalamikaji akawa mume.

Jambo hili liliwezekana kutokana na sifa ya sarufi ya Kiswahili ambayo tunaifundisha kila mwaka bila kuiona kama rasilimali ya kishairi. Kitenzi chetu hakibagui jinsia. Si- ya "sina" ni ya nafsi ya kwanza tu, na a- ya nafsi ya tatu ni ya mke na mume vilevile. Maneno kama mpenzi, mwenzi na mwandani hayasemi ni nani. Kwa hiyo kiitikio cha Kiswahili ni kama kiti kisicho na mwenyewe, na anayekikalia kwanza ndiye msemaji. Katika santuri kiti kimekaliwa tayari na sauti ya kiume. Katika karatasi kimekaliwa na jina la mtunzi. Katika baa tu ndimo kinapobaki wazi usiku hata usiku, na ndimo wanawake wale walipokikalia.

Hatudai kwamba meza moja imefuta mfumo dume. Mhudumu aliyekuwa akipita kati ya meza hizo alikuwa na mikono ya watu ya kukwepa, na hakuna aliyemtungia wimbo. Baa ni mahali ambapo wanawake wengine huimba na wengine hufanya kazi, na mhakiki asiyewaona hao wa pili atakuwa ameandika tangazo la biashara. Tunachodai ni kwamba maana ya wimbo ilikuwa uwanjani ikigombewa, na kwamba ugomvi huo hauonekani katika matini yoyote iliyochapishwa.

Pingamizi Mbili

Pingamizi la kwanza ni la ubora. Inasemekana kwamba nyimbo hizi zina maneno machache, picha zilizozoeleka na Kiswahili kisicho sanifu. Jina la wimbo mmoja wa Orchestra Virunga, "Vunja Mifupa", linatosha kulijibu. Limetokana na msemo unaomhimiza mtu avunje mifupa angali na meno, yaani afaidi maisha kabla ya uzee. Msemo huo mtu akiusoma darasani ni methali moja kati ya mia. Ukiimbwa mezani ambako mifupa inavunjwa kweli, mbele ya wazee ambao meno yao yamepungua kweli, unakuwa sitiari na tendo kwa pamoja. Utajiri wa namna hiyo haupimwi kwa wingi wa msamiati. Kuhusu usanifu, inafaa tukumbuke kwamba Muyaka naye hakutunga kwa Kiswahili sanifu, kwa kuwa hakikuwapo.

Pingamizi la pili ni la lugha, nalo lina uzito zaidi. Kuanzia miaka ya 1990 baa za Nairobi zimeshuhudia kuenea kwa mugithi, ambamo mwimbaji mmoja mwenye gitaa huimba nyimbo za Kikuyu na kuwaongoza wateja wajipange kama mabehewa ya garimoshi. Kuna pia usiku wa ohangla na benga kwa Wajaluo, na mwingine kwa Waluhya na Wakamba. Je, wimbo wa Kiswahili si masalia tu? Tunavyoona sisi, katika mtaa wa mchanganyiko kama Woodley mwimbaji wa leo hulazimika kuzunguka lugha tatu au nne kwa jioni moja, ili kila meza ipate kitu chake. Anapotoka lugha moja kwenda nyingine hupitia Kiswahili, kwa salamu, kwa utani, au kwa wimbo mmoja wa zilipendwa unaojulikana na wote. Kiswahili hapo si masalia. Ni daraja, na ushairi wa daraja ni utanzu ambao hatujaupa jina.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba riwaya zetu zimeifanya baa kuwa shimo au kielelezo, na kwamba uhakiki umezifuata kwa uaminifu uliopita kiasi. Tumeonyesha pia kwamba kutoka Muyaka hadi Siti binti Saad ushairi wa Kiswahili umekuwa ukihama kwenda mahali palipodharauliwa, na kila mara wanazuoni wamefika baadaye. Kwa upande wa wimbo wa baa za Nairobi, kuchelewa huko kuna gharama. Kumbi nyingi zilizokuwa makao ya bendi hizi zimetoweka. Starlight ya Milimani, iliyokuwa na sifa katika miaka ya 1960 na 1970, iliacha nafasi kwa jengo la Integrity Centre. Wanamuziki wa kizazi cha 1978 wengi wamefariki. Santuri zimebaki, na santuri, kama tulivyoona, ni nusu ya wimbo.

Kwa hiyo tunawapendekezea wanafunzi wa uzamili kazi iliyo wazi. Atakayefanya utafiti wa wimbo wa baa asianze kwa kunukuu maneno. Aandike kwanza saa bendi ilipoanza na saa nyama ilipofika, nani aliketi wapi, jina la nani lilipachikwa, nani alitunza katika ubeti upi, kiitikio kilichukuliwa na meza ipi, na mhudumu alikuwa wapi wakati huo. Baada ya hayo ndipo anukuu maneno, na atayakuta yamebadilika machoni pake. Aombe ruhusa ya wapigaji na awalipe, kwa kuwa wanazuoni wamekwisha kula nyimbo za bure kwa muda wa kutosha.

Pendekezo la 1968 lilitaka fasihi simulizi iwe katikati. Lilikuwa pendekezo sahihi, na halijatekelezwa kikamilifu maadamu mwanafunzi anayeishi Kibera au Woodley anaamini kwamba ni lazima apande basi la mbali ili amwone fanani. Baa iliyo mtaani kwake inafunguliwa saa nane mchana siku ya Jumamosi.